Kung Fu ya Kusimama na Kung Fu ya Kuruka

Vijana wangu, swali mnaloniletea ni lile lile. Mnaingia uani kwangu hapa Litein, mnanisalimu vizuri kama bibi yenu, "Chamgei, Kogo," mnapewa chai, na kabla kikombe hakijapoa mmoja wenu anauliza: "Kogo, hizi kung fu ni nyingi. Mtu akianza, achague gani?" Halafu mwingine anatoa simu anionyeshe Mchina anayepita juu ya ukuta kama paka, aniulize kama hiyo nayo nilikuwa nafundisha.

Hiyo sikufundisha. Na sasa sifundishi yoyote, nimestaafu. Nyonga yangu ya kushoto imekataa baridi ya asubuhi, lakini msiogope, nyonga hiyo iliharibiwa na vikapu vya majani chai nikiwa msichana, si kung fu. Swali lenu ni zuri na nitalijibu. Sitawapa orodha ya mitindo na sifa zake. Nitawaambia mimi mwenyewe nilichaguaje, kwa sababu nilichagua vibaya, nikachagua tena, na hiyo mara ya pili nusura nichague vibaya vilevile.

Ilikuwa miaka ya tisini. Kampuni ya Wachina ilikuja upande wetu kutengeneza barabara ya kwenda Bomet, wakajenga kempu yao ya mabati juu ya mto Kipsonoi, pale mashamba ya chai yanapoteremka mpaka karibu na maji. Nilikuwa nimechoka kuchuma chai. Nikaomba kazi jikoni, nikapata.

Mkubwa wa jikoni alikuwa Mzee Shen, mtu mfupi, kichwa kimenyolewa, masikio makubwa. Kiswahili alikuwa amejifunza kwetu sisi wanawake wa jikoni, na wengi wetu tulikuwa Wakipsigis, kwa hiyo alikizungumza kama mzee wa Kapkatet. Kabichi aliita kapichi. Bakuli aliita pakuli. Mwenzangu Kemunto, Mkisii kutoka ng'ambo ya Chepilat, alikuwa akicheka mpaka anaweka kisu chini. "Rael," ananiambia, "huyu si Mchina. Huyu mlimpeleka Uchina akiwa mtoto, sasa amerudi nyumbani."

Asubuhi moja nilifika mapema kuwasha moto nikamkuta nyuma ya jiko. Amesimama. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, magoti yamekunjwa kidogo, mkono mmoja umenyooshwa usawa wa kifua na mwingine uko karibu na kitovu. Hatikisiki. Niliwasha moto, nikachota maji, nikarudi, bado yuko vilevile. Ukungu ulikuwa ukipanda kutoka mtoni na kumzunguka miguuni. Nilidhani anaumwa. Ndipo akapiga hatua moja, na ngumi moja ikatoka pamoja na ile hatua. Basi, ni hilo tu. Lakini mguu wake ulipotua, nilihisi ardhi ikitikisika chini ya viatu vyangu, na mimi nilikuwa nimesimama mbali, karibu na tangi la maji. Sikuwa nimewahi kuona mtu akiwa wote mzima mahali pamoja kiasi kile.

Jioni ya siku hiyohiyo, kama kwamba Mungu alitaka nichanganyikiwe, nikaona ile nyingine. Kulikuwa na kijana wao anayeitwa Lin, wa kupima barabara. Kazi ikiisha alikuwa anakwenda pale murami, ule udongo wa barabara, iliposhindiliwa vizuri, anavua shati, anaanza. Alikimbia hatua chache, akaruka, akapiga mguu wake kwa kiganja angali hewani, pah! akatua bila kelele, akajizungusha, mkono mrefu, mguu mrefu, kila kitu kirefu. Wafanyakazi wote walisimama wakimtazama, hata dereva wa greda alizima injini. Hiyo ndiyo inaitwa chang chuan, ngumi ndefu. Ile ya Mzee Shen inaitwa xingyi, tamkeni shing-i. Majina hayo nilijifunza baadaye. Wakati huo sisi tuliziita kung fu ya kuruka na kung fu ya kusimama.

Wote wawili walikubali kutufundisha, mradi kazi iwe imekwisha. Kemunto hakufikiri hata kidogo.

"Mimi naenda kwa huyu wa kuruka," akasema. "Kusimama nasimama kila siku nikingoja mtungi ujae."

Nikamfuata. Hapo ndipo nilipochagua kwa mara ya kwanza, na sababu ilikuwa macho yangu na rafiki yangu. Nilivaa suruali ya michezo ya kaka yangu ndani ya sketi, maana siku hizo msichana kuvaa suruali peke yake kulikuwa na maneno. Kemunto aliruka kama mbuzi. Alikuwa mwembamba, miguu mirefu, na hakujua kuogopa. Mimi niliruka nikatua kwenye kitalu cha sukuma wiki cha kampuni. Nikaruka tena. Baada ya wiki kadhaa goti langu lilikuwa limevimba kama kiazi, na nilikuwa nalificha kwa sababu sikutaka kushindwa na Mkisii.

Lin aliona. Siku moja alinisimamisha, akapiga magoti mbele yangu, akalibonyeza goti kwa kidole gumba, akatikisa kichwa. Kiswahili chake kilikuwa kidogo sana. Alinyoosha mkono kuelekea jikoni akasema: "Wewe, Shen kwanza."

Nililia nikienda nyumbani. Leo namshukuru. Nimewaona walimu wengi tangu wakati ule, na kama mtachukua neno moja kutoka kwangu, chukueni hili: mwalimu anayeweza kukuambia "mimi sikufai, nenda kwa yule," huyo ni mwalimu. Kabla hamjachagua mtindo, nendeni mkatazame darasa bila kujiunga. Msimwangalie mwanafunzi hodari, kila mwalimu anaye mmoja wa kuonyesha wageni. Mtazameni yule mnono, yule mzee, yule anayesahau. Anasemezwaje? Wanafunzi wa miaka mingi wanashuka ngazi vipi? Wakishuka wameshika ukuta, rudini nyumbani. Kijana mmoja kutoka Bomet aliniletea tofali siku ya kwanza, amelifunga kwa gazeti, anataka nimfundishe kulivunja. Nikamwambia aliweke chini, asimame juu yake kwa mguu mmoja. Alianguka. Akasimama tena, akaanguka. Alikaa nami miaka, na tofali lile hakulivunja kamwe, likaishia kushikilia mlango wa ukumbi.

Basi nikaenda kwa Mzee Shen. Hakushangaa. Aliniweka nyuma ya jiko, akanipanga kama mtu anayepanga vyombo: mguu huu hapa, kiuno chini, mabega yaanguke, kiwiko kielekee ardhini, ulimi juu, macho yapite juu ya kidole. Uzito mwingi mguu wa nyuma. Kisha akaenda zake kukoroga uji. Mapaja yalianza kuwaka moto. Yakatetemeka. Nikaita, "Mzee, bado?"

"Pado," akajibu.

Kesho yake hivyohivyo. Na kesho kutwa. Kule murami nasikia watu wakimpigia Kemunto makofi, mimi niko nyuma ya jiko nikitazama majani ya chai. Mama yangu naye alisikia kanisani kwamba binti yake anasimama mbele ya jua linapochomoza kama anayeliabudu. Akaja mwenyewe mpaka kempu, na kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili.

"Rael, huyu mzee anamwomba nani hapo?"

Aliona aibu kumuuliza mwenyewe, kwa hiyo nikamuuliza mimi. Mzee Shen alifikiri. "Naompa goti," akasema. "Naliompa lisiume." Mama aliangalia goti lake. Yeye mwenyewe alikuwa na goti baya. Akasema, "Haya," akanywa chai, akaenda.

Siku nyingine nilimwambia mzee kwamba nimechoka, nataka kufundishwa kitu. Akanipa kisu na kabichi. Nilikata kama kawaida, kwa mkono. Akanisukuma kiunoni kidogo kwa vidole viwili, akasema, "Hapa." Nikajaribu kukata kutoka hapo. Kisu kilipita kwenye ile kabichi kubwa kama kinapita kwenye maziwa. Nilisimama nikitazama vipande viwili, na mdomo wazi. Ile sufuria ya ugali ya wafanyakazi, ambayo tulikuwa tunainua watu wawili huku tukilalamika mgongo, nilikuja kuiinua peke yangu. Lakini kijana ni kijana. Sikuona kwamba nimefundishwa. Niliona nimekata kabichi.

Mvua za masika zilipoanza nilimwambia Kemunto, "Naacha. Goti limepona. Narudi kwa Lin."

"Rudi," akasema. "Nimekuwekea nafasi kwenye sukuma wiki."

Nilipanga kumwambia mzee siku hiyo baada ya chakula cha mchana. Sikuwahi kumwambia.

Daraja jipya lilikuwa bado linajengwa, na magari yalivuka mto kwa njia ya muda, mawe na udongo juu ya makalavati, yale mabomba makubwa ya saruji ya kupitishia maji. Mchana huo greda ilikuwa mtoni kuisawazisha. Dereva wake alikuwa Wambugu, Mkikuyu ambaye wazazi wake walikuwa na duka Sotik, na Lin alikuwa pale naye akipima. Kwetu mvua ilikuwa manyunyu tu. Lakini huko juu milimani ilikuwa imenyesha tangu asubuhi. Tulisikia honi ya greda, ndefu, haikatiki. Tukatoka jikoni mbio.

Maji yalikuwa yamekuja mara moja, mekundu, yamebeba matawi na uzio wa mtu. Yalikuwa yameikata ile njia pande zote mbili. Greda ilibaki katikati, imeinama upande, na Wambugu na Lin walikuwa wamepanda juu yake. Kila baada ya muda greda inasogea kidogo, inatulia, inasogea.

Lori lilijaribu kushuka likazama kwenye tope. Miti ya ukingoni ilikuwa imekatwa yote kupisha barabara, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kufunga kamba. Wanaume walirusha kamba ya katani, ikaanguka majini. Wakarusha tena. Ilikuwa imelowa, nzito, haifiki. Kati yetu na greda kulikuwa na kalavati moja lililobaki, mgongo wake wa saruji unaonekana, maji yanaruka juu yake.

Kemunto hakuuliza mtu. Alivua viatu vyake vya gambuti, akakusanya sketi akaichomeka kiunoni, akajifunga ncha ya kamba. Nilimshika mkono. "Kemunto, hapana."

"Nimeruka mbali kuliko hapo," akasema. "Wewe uliniona."

Kweli nilikuwa nimemwona. Lakini murami haina maji chini yake. Alirudi nyuma, akakimbia, akaruka. Vijana wangu, mimi nimetazama watu wakiruka maisha yangu yote ya kazi, na bado namwona yule hewani. Hakuruka kama mtu anayekimbia hatari. Aliruka kama Lin alivyomfundisha, mwili umeinuliwa wote kwa pamoja, na akatua kwa nyayo za mbele, magoti yamekunjwa. Mguu mmoja uliteleza. Alishika saruji kwa mikono miwili, maji yakamfunika mpaka shingoni, akainuka. Akafungua kamba kiunoni, akairusha, na kutoka pale ilifika. Lin akaidaka akaifunga kwenye greda.

Upande wetu Mzee Shen alikuwa ameipitisha ile kamba nyuma ya kiuno chake. Alikuwa na aproni yake bado. Wanaume walijipanga nyuma yake kwenye tope, wengi, wenye nguvu kuliko mimi, lakini alitazama nyuma akaniita mimi.

"Lael. Hapa."

Nikashika kamba nyuma yake tu.

"Simama," akasema.

Wambugu alivuka kwanza, akining'inia kwenye kamba, akiomba kwa Kikuyu kwa sauti kubwa. Kalavatini Kemunto alimshika ukosi, wakaja wote wawili, tukawavuta. Akabaki Lin. Greda ilikuwa imeanza kupinduka, kwa hiyo ilimbidi aifungue kamba, ajifunge kiunoni, aingie majini. Aliingia, na mto ukamchukua.

Ule mvuto ulikuja kama ng'ombe dume amekata kamba. Wanaume nyuma yangu walikuwa wanavuta kwa mikono, visigino mbele. Waliteleza wote, wakaangukiana, kamba ikawatoka. Nilisikia vishindo vya miili kwenye tope nyuma yangu, kisha nikajua kwamba tumebaki wawili.

Sikuvuta. Hilo ndilo ninalotaka mlisikie. Sikuwa na wakati wa kufikiri kuvuta. Mguu wangu ulijipanga wenyewe, kiuno kikashuka, mabega yakaanguka, kama asubuhi zote zile nyuma ya jiko. Mgongo wa Mzee Shen ulikuwa mbele ya uso wangu, umelowa, na niliona ule uzito ukimwingia mikononi, ukashuka mgongoni, ukapita miguuni, ukaishia ardhini. Niliuona, kama unavyoona upepo ukipita juu ya chai. Kilichobaki kilinifikia mimi, nacho kikashuka vilevile kikaenda chini. Nilikuwa kitu cha kupitishia tu. Nilijua kabisa, bila kiburi chochote, kwamba hatutasogea. Mtu mmoja mfupi wa kukata mboga na mimi, na mto wote ule. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya woga.

Maji yalimzungusha Lin kwa ile kamba mpaka yakamtupa ukingoni chini yetu, na Kemunto na wengine wakamshika. Nyuma yake greda ilipinduka taratibu, magurudumu juu.

Watu walipiga kelele, wakakumbatiana, Wambugu alikuwa amelala kifudifudi akibusu tope. Mzee Shen alifungua vidole vyake kimoja kimoja. Ngozi ya viganja ilikuwa imebaki kwenye kamba. Alinitazama, akatazama juu kwenye moshi wa jiko.

"Chakula kinaungua," akasema, akapanda.

Miaka mingi baadaye, mimi na Kemunto tulipofungua ukumbi wetu hapa Litein, wazazi waliuliza ipi ni bora, ya huyu au ya huyu. Tuliwapeleka watoto pande zote mbili kwanza, na tukawaacha wachague polepole. Kemunto alinitumia wenye magoti mabovu, mimi nilimtumia waliokuwa wakisinzia. Kuna waliohama mara nyingi, na kuna waliokwenda kutafuta taichi Kericho, tukawaombea heri. Usione haya kuhama. Mwili wako ni mgeni kwako bado, utakuambia pole pole. Lakini kabla hujahama, jiulize kama unaacha kwa sababu haikufai au kwa sababu hakuna anayekupigia makofi. Mimi nilikuwa naacha kwa hilo la pili.

Mkiniuliza kazi hii ya kufundisha niliianza lini, sisemi siku ya kufungua ukumbi. Nasema asubuhi iliyofuata mafuriko.

Nilifika mapema kuwasha moto. Mzee Shen alikuwa nyuma ya jiko, mikono yake imefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo, mizito kama vifurushi. Hakuweza kuinyoosha wala kunyoosha kidole. Alinionyesha kwa kidevu mahali anaposimamaga yeye siku zote, mbele.

"Leo wewe," akasema.

"Mzee, mimi sijui kitu."

"Simama."

Nikasimama mahali pake. Nilijipanga: mguu, kiuno, mabega, kiwiko. Nikamsikia akijiweka nyuma yangu, hatua moja, viatu vyake vya kitambaa kwenye majani yenye umande. Kisha viatu vingine, vya gambuti. Kisha vingine. Sikugeuka, maana ukisimama hugeuki. Nilisikia kikohozi cha Wambugu. Nilisikia Lin akichechemea. Nilisikia Kemunto akinong'ona, "Kumbe hapa ni pagumu hivi," na mtu akamwambia nyamaza.

Mbele yangu ukungu ulikuwa unatoka mtoni, na chai ilikuwa kijani mpaka macho yaliuma. Nilikuwa natetemeka mapaja, nimeogopa sana kukosea. Nyuma yangu alikuwa amesimama yule mzee niliyemwona akiuzuia mto, anafuata mkao wangu, anaurekebisha wake kwa kunitazama mimi. Nikateremsha kiuno kidogo. Nikasikia nyuma yangu watu wote wakiteremka.